Mgongo wa Lazhar na Mdomo wa Kaka Yake

Lazhar alikuwa mkwezi wa mitende, na kwa miaka ishirini na miwili nafasi yake ilikuwa juu kabisa. Wakati wa mavuno wakwezi hujipanga kwenye shina moja, mmoja chini ya miguu ya mwenzake, na mashada ya tende yanashuka mkono kwa mkono. Wa juu ndiye mwenye msumeno, na ndiye mwenye ujasiri. Chini kabisa, miguu mchangani, alisimama mpiga kelele: Tijani, kaka yake mkubwa, aliyejiita mwenye shamba. Sijawahi kumwona Tijani akipanda kitu kirefu kuliko kiti cha mkahawa.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya mifupa katika hospitali yetu ya mkoa, huku kusini mwa Tunisia, na ndugu hawa wawili nawajua tangu shule. Kwa miaka mingi hata Lazhar nilimdharau kidogo. Mwanamume anacheza na kifo kwenye urefu wa ghorofa nne, lakini kaka yake akikohoa tu, yeye "ndiyo, kaka"! Shamba baba yao aliwaachia wote wawili. Tijani alisema "shamba langu," na Lazhar akaitikia.

Novemba moja kigutu cha kuti alichokanyaga kilikatika. Akaanguka na kufikia matako, hatua chache kutoka kwa wanawake waliokuwa wakichambua tende. Mkewe, Mongia, alikuwa miongoni mwao. Alimkuta macho wazi, anapumua, anachezesha vidole vya miguu vyote kumi. Shikeni hilo: vyote kumi.

"Shemeji, msimguse," Mongia akamwambia Tijani. "Nimeshapiga simu, ambulensi inakuja."

"Ambulensi itafika Ramadhani. Gari si hili hapa? Mwinueni."

"Mgongo unamuuma! Basi mlazeni hata kwenye ubao."

"We mwanamke, udaktari umeusomea kwenye tende?"

Wakamshika makwapa na magoti, wakamkalisha kitako nyuma ya pikapu, katikati ya kreti. Mongia akapanda akamkumbatia asiyumbe. Njiani Tijani akasimama kwenye ghala la tende, akapakua kreti. Narudia kwa asiyesikia vizuri: ndugu yake wa tumbo moja amevunjika mgongo, naye anapakua kreti, mojamoja, taratibu, tende zisije zikapondeka.

Tijani aliporudi garini, Lazhar alimwambia, "Kaka, miguu siisikii."

"Imekufa ganzi hiyo. Umekaa vibaya."

Nilikuwepo walipofika. Tulimhamishia kitandani watu wanne, mwili mzima kwa pamoja kama gogo, bila kumpinda popote. Picha zikaonyesha pingili ya kwanza ya kiuno imepasuka kama tofali lililodondoshwa, na kipande cha mfupa kimesukumwa nyuma, kimebana mishipa ya fahamu. Daktari Sihem, bingwa wetu wa upasuaji wa mgongo, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi, alimchomachoma kwa pini. Mapajani alisikia. Chini ya magoti, kimya.

"Nakupasua leo hii," Daktari akamwambia. "Naingia kwa nyuma, naondoa kinachobana, halafu nazifunga pingili za juu na za chini kwa skrubu na vyuma viwili, ili iliyovunjika isibebe mzigo. Kwamba utatembea, sikuahidi. Ila tukichelewa ndiyo tunaharibu zaidi."

Tijani alikuwa amesimama hapo hapo, mikono nyuma, kama anakagua mnada.

"Ngoja kwanza, daktari. Mtu akishapasuliwa mgongo hatembei tena. Nani asiyejua hilo?"

"Mimi sijui," akasema Daktari Sihem. "Wewe umeshapasua migongo mingapi?"

Mtu mwenye haya angenyamaza. Tijani akatoa hoja kubwa zaidi: kijiji cha pili kuna bwana anayetibu migongo kwa kuichoma na chuma cha moto, na yeye keshampigia simu. "Na mimi ndiye mkubwa wake. Karatasi nileteeni mimi, na mimi sitii sahihi."

Lazhar alikuwa amelala chali, macho darini. Hakuweza kugeuka kumtazama kaka yake, na nadhani hilo lilimsaidia.

"Hiyo karatasi ina jina la nani?" akaniuliza.

"Lako."

"Basi nipe kalamu."

"Lazhar! Mimi nakwambia..."

"Ulipakua kreti, Tijani."

Katika maisha yake hakuwahi kulitaja jina hilo bila kutanguliza "kaka". Nikamshikia karatasi juu ya uso wake, akatia sahihi kwa herufi zilizopanda na kushuka. Tijani akaenda zake mkahawani.

Upasuaji ulichukua saa tano. Mongia alikaa kwenye korido na aproni yake ya kazini, vidole bado vinanata. Siku ya nne, nikimgeuza mgonjwa, kidole gumba cha mguu wa kulia kilicheza. Mongia akampiga kofi la muundi.

"Hapa je, unasikia?"

"Nasikia, we mwanamke, unaniumiza!"

Mongia akaangua kicheko, kisha akatoka nje kulia.

Msidhani Lazhar aliamka akatembea. Mpira wa mkojo alikaa nao wiki tatu. Alivaa mkanda mgumu wa plastiki kifuani mpaka kiunoni, akajifunza kusimama kati ya vyuma viwili vya kushikilia kama mtoto, akimtukana mwalimu wa mazoezi. Mguu wa kulia ulirudi wote. Wa kushoto anauburuta hadi leo, na mtende hatapanda tena.

Basi Tijani akapata la kusema mkahawani. "Si niliwaambia? Vyuma vimemharibu. Na nani aliyemkimbiza hospitali? Mimi!" Walikuwepo watu wazima wenye akili zao waliotikisa vichwa kukubali. Nao siwaheshimu.

Lazhar hakwenda kubishana. Alikwenda mahakamani kudai nusu yake ya mitende, akaipata. Siku hizi huajiri wakwezi, na asiyetaka kufunga mkanda wa kamba kiunoni hurudishwa nyumbani, hata awe hodari namna gani.

Tijani akinisalimia njiani namwitikia, maana salamu ni ya Mungu. Zaidi ya hapo hapati kitu.