Mguu wa Kushoto na Tezo

Vidole vitatu vya mguu wangu wa kushoto vilichukuliwa na njia ya Usumbura, zamani za Wajerumani. Hakuna aliyenikata. Niliitwa upagazi, nikabeba mizigo yao kwenda na kurudi, na huko njiani funza wakaniingia. Nyumbani Rumonge funza hutolewa jioni kwa mwiba, mtu ameweka mguu juu ya goti la mwenzake. Njiani hakukuwa na goti la mtu, palikuwa na askari wa kutuhimiza tu. Niliporudi vidole vilikuwa vimeoza. Vilianguka kimoja kimoja, na mke wangu akavizika nyuma ya nyumba bila kuniuliza. Kwa muda mrefu, nikitawadha, mkono ulikuwa unavitafuta.

Kazi yangu ni kuchonga mitumbwi. Asiyeijua atasema fundi anachonga kwa mikono. Mikono inashika tezo tu! Unasimama ndani ya gogo, miguu umeipanua, na tezo linashuka katikati ya miguu yako likikujia wewe mwenyewe. Kiuno kinageuka, uzito unahama toka mguu huu hadi ule, na vidole vya miguu vimeung'ang'ania mti ili pigo liangukie pale ulipolituma. Mguu wangu wa kushoto haukuwa na cha kung'ang'ania.

Na gogo la mvule lilikuwa linaningoja. Lilikuwa la mdogo wangu, mvuvi, ambaye chombo chake cha zamani kilikuwa kimepasuka. Kidole kimoja hakivunji chawa: watu wa kijiji cha Kizuka walilivuta kwa kamba kutoka mlimani hadi ufukweni, wakiimba, wakiteleza, mmoja akiumia bega. Mti kama huo hauvutwi mara mbili. Pigo moja likizidi, sakafu inatoboka. Nikilitoboa, mdogo wangu hana chombo, na mimi si fundi tena.

Nilimwambia alipeleke kwa fundi wa Minago, mwenye vidole vyake vyote.

"Hapana, yaya," alisema. Ndivyo alivyoniita siku zote, maana mimi ndiye mkubwa. "Ule mutumbwi iko wako. Mimi nitangoja."

"Utangoja mpaka lini?"

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, yaya."

Nilikasirika. Aliyeitunga methali ile bila shaka koleo halikuwa lake. Lakini kesho yake nilichukua kipande cha mti kilichobaki, nikakilaza uani, nikasimama juu yake. Nikainua tezo juu kama zamani. Mguu wa kushoto ukateleza, tezo likakimbilia kulia, likapita karibu kabisa na kifundo cha mguu. Mke wangu, aliyekuwa akitwanga chikichi pembeni, aliacha mchi hewani. Nilijiona mzee, na nilikuwa bado sijaota mvi.

Niliendelea kwa sababu ya ubishi tu. Nguvu nilizokuwa najivunia ndizo zilizoniangusha, basi nikaanza kuzipunguza. Niliinua tezo hadi kiunoni, si zaidi. Niligongomea kabari ya mti, nikaiegemezea kisigino cha kushoto, kisigino kikafanya kazi ya vidole. Nikaacha tezo lianguke kwa uzito wake, mimi nikiligeuza kwa kiuno tu. Vipande vilivyoruka vilikuwa vidogo mno, vya kuwashia moto. Wapita njia walinitania kwamba nachonga kijiko. Lakini pigo likaanza kutii.

Ndipo nilipoingia ndani ya gogo. Mvua zilikuja zikaenda. Mdogo wangu alivua kwa kuazima vyombo vya watu, akipita alisalimu, "Amahoro, yaya," wala hakuuliza lini. Mwisho niliugonga mtumbwi kwa vifundo vya vidole, nikasikia sauti moja pande zote mbili, au ndivyo nilivyotaka kusikia. Siku ya kuushusha aliingia, akakaa, akapiga kafi. Mtumbwi ulikwenda umenyooka. Watu walishangilia, naye akawaambia kwa sauti kubwa kwamba mkono wa yaya wake haujabadilika. Nililia pale pale mbele ya watu, wala sikuona haya.

Miaka ikapita, kisha ikaja vita ya Wazungu, na mdogo wangu naye akaitwa upagazi. Hakurudi. Wenzake hawakujua kusema aliachwa wapi.

Mtumbwi ulikaa ufukweni mpaka nyumba ya mdogo wangu ilipokosa samaki. Asubuhi moja niliusukuma majini mwenyewe, nikakaa katikati ya ubao wa kukalia, kama mtu yeyote akaavyo. Ukalala kushoto. Nilidhani ni wimbi, lakini ziwa lilikuwa tulivu. Nikaingiza mkono, nikapapasa mbavu zake mbili: kulia mti mwembamba sawasawa, kushoto mnene, upande ambao mguu wangu haukuweza kulifikisha tezo.

Hapo ndipo nilipoutazama ubao wa kukalia. Katikati ulikuwa bado na alama za tezo langu. Ulikuwa umelainika kwa kukaliwa upande mmoja tu, mwisho kabisa wa kulia, mahali ambapo hakuna mvuvi anayekaa.

Miaka yote ile, mwongo yule! Angerudi ningempiga kwanza, ndipo nimkumbatie. Nilijisogeza taratibu hadi mahali pake, na mtumbwi ukanyooka.