Tundu la Juu ya Kabati

Habari ya kifo chake niliipata nikiwa buchani, simu mkono mmoja na mfuko wa nyama mkono mwingine. Aliyepiga alikuwa mdogo wake. Alinisalimia kwa utaratibu, akaulizia watoto, akamuulizia mama, kisha akasema, "Kaka, dada hatunaye." Presha ilimpanda akiwa ofisini kwake Mbeya, akafikishwa hospitali bado anaongea, na kabla ya jioni akafariki. Sitamtaja jina. Safu hii haina mazoea hayo, na mwenyewe aliwahi kuniambia kwamba nikimwandika gazetini atanishitaki, nami sina hakika kama alikuwa anatania. Alikuwa msanifu wa majengo, lakini shughuli yake hasa ilikuwa sauti: namna sauti inavyokaa ndani ya chumba, na namna inavyotoka. Kama umewahi kuhudhuria semina Mbeya au harusi hapa Iringa, ukamsikia msemaji vizuri hadi viti vya nyuma bila spika kukupasua masikio, huenda ulikuwa umekaa ndani ya kazi yake. Hakuwa rafiki yangu wa kutembeleana. Tulifahamiana kwa kazi, tukabaki tunapigiana simu, na nyingi ya simu hizo zilikuwa za hofu, kama nitakavyoeleza.

Nilikutana naye nikiwa redio, kituo kidogo hapa Iringa. Studio yetu ilikuwa chumba cha kawaida cha kupanga ambacho vijana wetu walikibandika trei za mayai ukutani kote, tukajiona tumemaliza. Hata hivyo kila bodaboda iliyopita barabarani ilisoma taarifa ya habari pamoja nasi. Yeye aliingia bila salamu, akapiga kofi moja katikati ya chumba, akatega sikio, akapiga jingine. "Hapa mnafuga kuku?" akauliza. Tukacheka kwa kuona haya. Ndipo akatueleza, kwa ile sauti yake ya mwalimu aliyechoka, kwamba tulikuwa tunachanganya mambo mawili. Kitu laini kinapunguza mwangwi ndani ya chumba: zulia, pazia zito, makochi, hata watu wenyewe na makoti yao. Lakini hakizuii sauti kuvuka. Kinachozuia sauti kuvuka ni uzito na kuziba, yaani ukuta mzito, mlango mzito, na mpira kuzunguka mlango wote. Sauti ni kama maji, alisema, inatafuta tundu. Akapanda ngazi, akafungua ubao mmoja wa dari, akatuonyesha kwamba kuta zetu zote ziliishia kwenye dari, na juu yake kulikuwa wazi kutoka chumba hadi chumba. Aliagiza ukuta upandishwe mpaka kwenye bati, mlango ubadilishwe, dirisha liwekwe vioo viwili.

Siku ya kukabidhi kazi alifanya jambo ambalo nilidhani ni utani. Aliuliza kati yetu nani ana sauti ndogo kuliko wote. Tukamwonyesha mama yetu wa usafi, mtu wa maneno machache. Akamwingiza studio, akamfungia, akamwambia apige ukelele wa kuomba msaada kwa nguvu zake zote. Sisi tukasimama koridoni. Hatukusikia kitu. Tulishangilia, meneja akampa mkono, mmoja wetu akapiga na kigelegele. Yeye hakucheka. Alitutazama akasema, "Mkifurahi hivyo mnanitisha." Hakuondoka hadi ilipowekwa swichi ndani ya studio, ukiibonyeza taa nyekundu inawaka koridoni na kengele inalia. Baadaye nilijua kwamba hivyo ndivyo alivyokabidhi kila kazi. Aliye mnyonge kuliko wote anaingia ndani, mwenye jengo anakwenda kusimama nje, kisha wote wanasikiliza. Watu walimwona ana visirani, na kusema kweli visirani alikuwa navyo.

Sababu aliniambia siku tulipokuwa tunakunywa chai kwenye mgahawa wenye kelele ambao, kwa maelezo yake, ungepona kwa mapazia tu. Alikulia Mbeya, kwenye vyumba vya kupanga vilivyojipanga mstari mmoja chini ya bati moja. Wengi wetu tumepita huko. Ukuta unaishia pale paa linapoanzia, na juu hakuna dari. Jirani akikohoa unamwambia pole ukiwa kitandani kwako. Unajua nani anasali kwa machozi na nani amepika nini, na mwenye siri anafungua redio kwanza ndipo aseme. Baba yake alikuwa mtu mwema mpaka anywe. Akianza kumpiga mama yao, wanawake wa vyumba vya pili walichukua mchi wa kinu wakagonga ukuta, wakamwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, ambaye ndiye huyu marehemu. "Baba fulani! Baba fulani! Tunakusikia!" Akiitwa hivyo mkono ulimwishia nguvu, akatoka nje kukaa barazani na aibu yake. "Mama yangu aliokolewa na ukuta mbovu," aliniambia. "Na mimi nimesomea kuuondoa." Aliogopa kazi yake mwenyewe. Sijawahi kumwona mtu mwingine wa namna hiyo, anayeifanya vizuri kazi anayoiogopa.

Kisa ninachotaka kukisimulia ninaruhusiwa kukisimulia sasa tu, na nimekigeuza hapa na pale ili mhusika asitambulike. Mtu mmoja mwenye uwezo alimwita kwenye nyumba yake mpya, huko Mbeya kunakopanda kuelekea milimani. Alitaka chumba cha kulala kisichotoa sauti hata kidogo. Sababu aliyoitoa ni kwamba anahitaji kupumzika na majirani wana mbwa. Ombi la kawaida tu. Mkewe alileta chai, akasimama pembeni na sinia. Simu ya bwana ikalia, akatoka nje kuongea. Yule mama akainama kama anayepanga vikombe, akasema kwa haraka, "Dada angu, usizibe yote." Basi. Bwana akarudi, na mama akaondoka na sinia lake.

Jioni ile marehemu alinipigia simu. Alitaka kukataa kazi. Kisha akasema, akikataa, atapatikana fundi mwingine atakayeziba yote bila kuuliza, na yule mama atabaki ndani na ombi lake. Kwenda kushitaki ombi la maneno mawili nako aliogopa, maana bwana angeulizwa, na baada ya kuulizwa angerudi nyumbani. Aliichukua kazi. Alipandisha kuta, akaweka mlango mzito na mpira wake, vioo viwili, zulia, kila kitu kama alivyoagizwa. Kisha juu ya mahali pa kabati la nguo aliacha tundu la kupitisha hewa, lenye wavu, likitokea upande wa jirani, mama mmoja mstaafu ambaye hashindi mbali na uwanja wake. Bwana alipouliza alijibiwa kwamba chumba kilichozibwa namna ile kinahitaji pumzi, jambo ambalo ni kweli kabisa. Safari hiyo hakudai ule mtihani wa kupiga ukelele. Alisema kabati likija lisiwe refu la kufunika ukuta wa juu, na mke akaitikia kwa kichwa.

Baada ya hapo ndipo simu za hofu zikaanza. Je, akileta fundi wa rangi, fundi akasema hili tundu la nini? Je, akilijaza matambara? Je, jirani akihama? Akipita barabara ile alipunguza mwendo wa gari, akafungua kioo, akasikiliza, halafu aliogopa kuonekana anasikiliza. Mara moja alinipigia kuniambia ameona taa ya nyumba ile inawaka mchana, basi hilo tu, akakata. Na mimi nikaambukizwa. Nikiwa mezani naandika habari za bei ya mbolea, nafikiria tundu la ukubwa wa sahani kwenye ukuta wa mtu nisiyemjua.

Tulimzika Mbeya, kwao, kwenye kilima chenye upepo uliokuwa unachukua maneno ya mchungaji na kuyapeleka bondeni. Nilijikuta nawaza kwamba angelalamika. Kwenye chakula mwanamke mmoja alikuja kuketi karibu nami, akasema ameelekezwa na mdogo wa marehemu, akauliza kama mimi ndiye yule kaka wa gazeti wa Iringa. Nikasema ndiye. "Mimi ndiye wa kabati," akasema. Niliweka sahani chini. Aliniambia kwamba ilikuwa mchana, mlango umefungwa kwa ufunguo, na kwamba alipanda kitandani akaelekeza uso juu ya kabati akaita. Jirani alikuwa anaanika nguo. Yule mama mstaafu hakuja peke yake, alikuja na balozi wa mtaa na vijana waliokuwa wanachimba msingi jirani, wakagonga geti mpaka likafunguliwa. Sasa anaishi kwa ndugu zake, anauza mchele, kesi imekwisha, na ameniruhusu kusimulia. "Dada sikuwahi kumwambia asante," alisema. "Nilikuwa naogopa hata kumpigia." Kwa hiyo marehemu amekufa bila kujua, na hilo linaniuma kuliko kifo chenyewe.

Njiani kurudi tulisimama Chimala kununua mchele, na abiria mwenzangu akawa ananisimulia nyumba anayojenga, geti la chuma, uzio mrefu, madirisha ya aluminiamu, gipsamu kila chumba. "Kaka, ukifunga mlango, unasikia moyo wako tu," akanitambia. Nilimpongeza kwa sababu ndivyo tunavyopongezana siku hizi. Tukisema mtaa umetulia, tunamaanisha hatusikiani. Tumetoka kwenye vyumba vya bati moja, tukaapa watoto wetu hawatasikia tena ugomvi wa watu, na mimi siwezi kuwashawishi turudi kule, maana kule aibu yako ilikuwa mali ya umma na mgonjwa hakupata usingizi. Lakini tulipoacha ile kelele tuliacha na wale wanawake wenye mchi. Hatukuweka kitu mahali pao. Ukipita mchana kwenye mitaa yetu mipya unaona nyumba nzuri zimefungwa, kimya, na mle ndani kuna mtoto na dada wa kazi, kuna mzee, kuna mke. Zamani nilikuwa naona ni amani. Tangu mazishi yale naogopa kupita.

Na niliogopa zaidi nilipofika kwangu. Mama yangu nilimtoa Igowole baada ya miguu kumsumbua, na kwa sababu ni mtu wa kushtuka na kelele za mjini, na baridi yetu mnaijua, nilimtengenezea chumba kizuri mwisho wa nyumba. Dari ya gipsamu, mlango wa mninga, mpira chini ya mlango upepo usiingie, zulia, mapazia mawili. Wageni wote wamekisifia. Jumamosi iliyofuata, mke wangu akiwa sokoni, nilikwenda kukaa kitandani kwa mama nikamwambia, "Mama, nikitoka, uniite kwa nguvu."

"Nikuitie nini na wewe upo hapa?" akauliza.

"Uniite tu, mama. Nataka kusikia."

Nilifunga mlango, nikatoka uani, nikaenda kusimama kwenye uzio wa jirani kama marehemu alivyokuwa anawasimamisha wateja wake. Jirani akaniuliza kulikoni, nikamwomba anyamaze kidogo. Tulisikia kuku. Tulisikia mtu anakata kuni mbali. Nilirudi hadi dirishani kwa mama, hakuna. Nikaingia ndani, nikasimama sebuleni, mahali ninapokaa kila jioni na gazeti langu nikiamini ninamlinda. Hakuna. Nikakimbia koridoni na kufungua mlango. Mama alikuwa amekaa vilevile, ameshika godoro kwa mikono miwili, jasho usoni, anahema, jina langu bado lipo mdomoni. Aliponiona uso wake ulifunguka kwa furaha ambayo sikuistahili.

"Ee!" akasema. "Leo umesikia?"

Nikasimama pale mlangoni. Nikamuuliza siku nyingine huwa anaita lini. "Naitaga tu, mwanangu," akasema, kwa upole, kama anayenitetea. "Nikidondosha fimbo. Nikitaka maji. Najua mna kazi."

Fundi amekwishakuja. Mpira wa mlango tumeung'oa, juu ya mlango tumetoboa tundu pana, na kengele imewekwa kitandani, ingawa mama anasema inamtia aibu kuipiga. Upepo unaingia, anavaa koti. Usiku wa kwanza alikohoa nikamsikia, nikalala vizuri. Nawe, ndugu msomaji, kabla hujamwonyesha mgeni jinsi nyumba yako ilivyotulia, mwingize chumbani yule mwenye sauti ndogo kuliko wote, umfungie mlango, uende ukasimame kwa jirani. Usipomsikia, rudi mbio, maana huenda hiyo si mara yake ya kwanza kukuita.