Fundi Aliyeipa Skrini Mgongo

Fundi wa kompyuta alikuwa na mikono ya mtu anayemvua mtoto mchanga nguo. Alilegeza skrubu bila pupa, akafungua ubavu wa mashine na kupuliza, na vumbi likaelea juani kana kwamba nalo lilikuwa usingizini. Mshonaji aliyeileta alisimama akipindapinda ncha ya mtandio wake. Tangu juzi, kila akiiwasha ililia mlio mmoja mrefu, kisha kimya; na picha pekee ya marehemu mama yake akicheka, ile iliyompokea kila asubuhi kwenye skrini, ilikuwa humo humo.

"Nimeizaba hata kofi, fundi."

"Wee! Usingizi wa mashine ni kama wa mkwe, dada. Haukatizwi kwa kofi."

Akachomoa kipande cha kumbukumbu, chembamba kama kitana, akayasugua meno ya kipande hicho, yenye rangi ya dhahabu, kwa kifutio cha penseli, huku akiimba puani wimbo usio na maneno. Akakirudisha mpaka kikalia ta! Halafu akafanya lile alilomfanyia kila mteja: akaigeuza skrini imwelekee mwenye mashine, yeye akaipa mgongo, akamtazama mteja usoni. Habari za mashine alizisoma huko.

"Bonyeza wewe. Ni yako."

Feni ikavuma kama mvua ya mbali. Mwanga wa buluu ukampanda mshonaji kidevuni, mashavuni, hadi kwenye macho yaliyojaa maji.

"Shikamoo, mama," akanong'ona.

Fundi hakugeuka. Alivua kofia yake taratibu, akainamisha kichwa, naye akasema, "Shikamoo, mama."