Jirani Niliyemkaririsha

Nimefundisha darasa la kwanza na la pili kwa miaka thelathini na miwili, na mtu wa namna hiyo akistaafu ni hatari kwa majirani. Asubuhi hana pa kwenda, na sauti bado anayo. Mwaka jana nilipata mwanafunzi mmoja tu, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, na nusura nimharibie kila kitu.

Alihamia nyumba ya pili kutoka kwangu, hapa Bariadi, chumba na sebule. Alikuwa mkimbizi kutoka Burundi. Alikaa kambini Kigoma miaka tisa, kisha akapata kibali cha kutoka na kufanya kazi, akaja huku kumfuata rafiki yake aliyemwambia kazi zipo. Alipofika, rafiki alikuwa ameshahama. Kirundi alikijua, Kifaransa cha shule kidogo, na Kiswahili cha kuomba maji na chumvi. Na hapa kwetu hata Kiswahili chenyewe hakitoshi, maana sokoni utauliza kwa Kiswahili na bei utatajiwa kwa Kisukuma.

Tulijuana kwa sababu ya mtu wa maji. Siku hiyo nilikuwa barazani napepeta mchele. Jamaa akaja na sare yake na daftari lake, akagonga kwa jirani, kimya. Akagonga tena, kimya, na mimi pazia nililiona likitikisika.

"Mwalimu," akaniambia, "mwambie jirani yako, wiki ijayo nakuja kukata."

Mimi hasira zangu ziko karibu, najijua. Niliweka ungo chini nikaenda kugonga mlango ule kama polisi. Akafungua nusu. Nikamwonyesha kwa vidole kwamba nataka karatasi za maji. Akainua godoro. Jamani! Chini yake kulikuwa na ankara za miezi mitatu, barua ya mwenye nyumba, hata tangazo la kwaya ya kanisani, vyote vimekunjwa vizuri.

"Hizi," akasema polepole, "kurudi kambini?"

Kumbe kwake kila karatasi yenye mhuri ilikuwa ni ya kumrudisha. Ndiyo maana alikuwa akijificha kila akiona mtu mwenye daftari. Nilitaka kucheka, nikajikuta nimekaa kitandani kwake bila kukaribishwa.

"Ni maji tu, mdogo wangu," nikamwambia. "Maji ya bombani!" Nikamvuta hadi uani, nikafungua bomba, nikalinyooshea kidole, kisha karatasi, kisha bomba.

Akaelewa. Akashika kichwa, akacheka mpaka akachuchumaa.

Na hela alikuwa nayo, amefunga kwenye kona ya kanga. Nikamwonyesha tarehe ya mwisho iko wapi, kiasi kiko wapi, na ile namba ndefu ya kulipia kwa simu. Alibonyeza mwenyewe, kidole kimoja kimoja. Ujumbe wa kuthibitisha ulipoingia aliusoma mara tano. Kununua umeme wa LUKU kwa simu alijifunza siku ileile, na hakukosea tarakimu hata moja. Mimi hukosea hadi leo.

Siku zilizofuata ndipo aliponieleza shida yenyewe, kwa ishara na vipande vya maneno. Kodi yake ilikuwa inaisha mwisho wa mwezi ujao, na akiba ilikuwa ndiyo hiyo ya kwenye kanga. Asipopata kazi kabla ya hapo, atarudi kambini. Nilimuuliza kule maisha yakoje. Alitafuta maneno.

"Nalala," akasema. "Naamka. Nalala."

Basi nikaamua kwamba harudi. Kushona alikuwa anajua, alijifunza kambini na mikono yake ilikuwa myepesi. Kilichobaki ni lugha, na lugha si ndiyo kazi yangu? Nikamsimamisha sebuleni kwangu kila siku baada ya chakula cha mchana, miguu pamoja, mikono ubavuni. "Shikamoo. Mimi ni fundi cherehani. Ninaweza kushona sare za shule, magauni na mashati. Ninaomba kazi." Akikosea nagonga meza kwa mwiko. Rudia! Anarudia. Wiki tatu nzima. Mwishowe aliyasema bila kukosa hata herufi, na mimi nikavimba kichwa.

Nikampeleka kwa fundi mmoja jirani na stendi. Nilibaki mlangoni, nikamsikia akianza vizuri kabisa. Fundi akamuuliza, "Umetokea wapi?"

Akakaza miguu. "Shikamoo. Mimi ni fundi cherehani..." Akayasema yote hadi mwisho.

"Sawa, nimesikia. Mashine ya umeme unaiweza?"

"Shikamoo. Mimi ni fundi cherehani..."

Mara ya tatu duka zima lilikuwa linacheka, hata wateja. Akatoka kidevu juu, uso unang'aa. "Mwalimu, wamefurahi!" akaniambia. Kisha akaniangalia usoni, na akaelewa. Sitaisahau sura yake ile. Tulirudi nyumbani, akajifungia siku mbili.

Nilimkasirikia fundi. Nikamkasirikia na yeye. Hasira zilipokwisha nikabaki na mimi mwenyewe, na hapo pakaniuma. Miaka yote ile darasani nilisema, watoto wakarudia, nikaita hiyo kufundisha. Sikumbuki mtoto hata mmoja niliyempa nafasi ya kuniuliza kitu. Huyu naye nilimfunga mdomo kwa sentensi zangu, halafu nikamtupa mbele za watu.

Zilibaki siku nne mwezi uishe. Nikaenda nikamgongea, safari hii taratibu. Nilimwambia tutajaribu kwa mama mmoja mwenye cherehani sita nyuma ya soko, na kwamba nitamsemea mimi. Na kweli nilisema. Nilisema kibali, nikasema Kigoma, nikasema mateso, nikasema mikono myepesi, mpaka yule mama akatoa pini mdomoni.

"Mwalimu, wanangu wawili wamepita kwako, nakuheshimu. Lakini anayetaka kazi hapa ni nani?"

Nikarudi nyuma hatua moja.

Muda huohuo akaingia bibi mmoja kutoka huko Lagangabilili, kitenge kipya mkononi, anataka gauni la harusi ya mjukuu. Alisema Kisukuma kitupu. Mama mwenye duka akamrushia jirani yangu futi kamba. "Mpime huyo."

Nilifungua mdomo, yule mama akanitazama, nikaufunga. Jirani yangu akapima kifua, kiuno, nyonga, urefu, akaandika kwa chaki. Bibi akageuka aende. Hapo ndipo jirani yangu alipomshika mkono, akapiga goti mbele yake kama tunavyowaamkia wakubwa huku kwetu, kisha akaonyesha sakafu: na wewe.

Mungu wangu, anampigisha goti mtu mzima! Basi, nikasema moyoni, tumekwisha.

Bibi alimkodolea macho. Halafu akaangua kicheko, akashika meza ya cherehani, akashuka. Bibi akiwa chini vile, jirani yangu akampima nyonga upya, na mgongo upya, akafuta namba za mwanzo na kuandika nyingine kubwa zaidi. Bibi akaanza kusema mbiombio, anajipiga mapaja.

"Anasemaje?" nikamuuliza mwenye duka, maana alisema haraka mno hata kwa Msukuma kama mimi.

"Anasema magauni yake yote yanambana akipiga goti. Msibani juzi moja lilimpasukia mbele ya wakwe." Akazitazama namba za chaki. "Miaka yote nashona hapa. Wanawake hawa wanapiga goti kutwa nzima, na mimi nawapima wamesimama."

Wakati mimi nagonga meza kwa mwiko, mwenzangu alikuwa anatutazama tunavyoishi. Nilijisikia mdogo, na nilifurahi pia. Nikakaa kwenye gunia la vitambaa.

"Aje kesho," mama akaniambia mimi.

Kabla sijageuka kumfafanulia, nikamsikia nyuma yangu. "Saa ngapi, mama?"

"Saa moja."

"Nakuja."

Njiani sikunyamaza. Nikampangia kwamba kesho tutoke saa kumi na mbili na nusu, nitakaa naye pale hadi mchana, wateja wakija nimsaidie, jioni tujifunze majina ya vitambaa. Akasimama katikati ya barabara.

"Mwalimu," akasema, kwa upole kabisa. "Kesho wewe baki nyumbani."

Maneno ya kumjibu nilikuwa nayo, makali. Lakini machozi yaliwahi, palepale mbele za watu, nikayafuta na ncha ya kilemba.

"Haya," nikasema. "Nabaki."

Akanishika mkono, kwa mikono yake yote miwili. "Na mimi nabaki Bariadi," akasema.