Dende Watatu na Majani ya Jirani

Jumamosi asubuhi, kabla ya kufua, binti zangu wawili hukaa kwenye ngazi ya mlango na kuniita: "Mama, leta kesi!" Kesi ndilo jina walilolipa mchezo wetu. Huanza na kitendawili cha kuamsha akili. "Anakwenda ziwani na njaa, anarudi ameshiba, akifika nyumbani anatapika yote." Mdogo, wa miaka sita, alikisia bata, kisha mlevi, kisha akajigonga mguu kwenye bidoni, dumu letu la kutekea maji, na kupiga kelele za ushindi: jibu lilikuwa hilo. Akishindwa, hutoa mji kama desturi inavyotaka, na hutoa bila uchungu. Amekwisha kunigawia miji yote ya barabara ya kaskazini, kupita Kalengera. Dada yake, wa miaka kumi na moja, hajawahi kutoa hata kijiji. Akishindwa leo, ataniamsha keshokutwa na jibu.

Kisha hufuata kesi yenyewe. Mtu ameshuka kwenye lori mtaani Katindo, mvua inanyesha, ametembea mpaka kwetu, na viatu vyake vinang'aa. Amewezaje?

"Miguu iko na matope?" aliuliza mkubwa.

"Sana."

"Basi viatu alibeba mu mukono. Kama wewe, mama, siku ya ubatizo."

Nimefanya kazi ya habari redioni miaka mingi, na nilichowapa watoto ndicho nilichofundishwa huko. Ukurasa wa daftari una safu tatu: nilichoona, nilichosikia, ninachofikiri. Neno "nani" haliandikwi mpaka safu ya kwanza ijae. Ni sheria yangu mwenyewe, na nilikuwa nikijivuna nayo.

Watoto walikuwa na dende wanne, wale wanyama wadogo wa manyoya wasio na mkia ambao nyumba nyingi za kwetu hufuga jikoni. Jiko lilipojaa, tuliwahamishia nje. Mwenye parseli, kiwanja chenye vyumba tunavyopanga, alikuwa amechimba mawe ya kujengea ukuta, akaacha shimo la kina cha kiuno katika mwamba mweusi. Lilikuwa zizi tayari, lisilohitaji hata mlango. Asubuhi ya pili tulikuta watatu wamelala ubavu, wamekufa, bila jeraha, bila damu. Wa nne hakuonekana, tukasema paka amemchukua.

Jioni iliyotangulia, jirani yetu alikuwa amewarushia majani ya viazi vitamu. Ni mama mjane kutoka upande wa Butembo, anauza maharage, anaishi peke yake katika chumba cha mwisho cha parseli. Nilimwona kwa macho yangu. Na nilipokuwa kwenye foleni ya maji asubuhi hiyo, wanawake wakauliza kulikoni, nikasema: "Sijui. Mama wa chumba cha mwisho ndiye aliwapa majani jana jioni." Kila neno lilikuwa la kweli. Nilijua pia, kama anavyojua kila mtu mjini hapa, kwamba mnyama akifa bila jeraha watu husema sumu, na wakisema sumu hutafuta mkono.

Kufikia saa sita mchana, mwenye parseli alikuwa mlangoni kwa jirani. "Mama, mimi sina ubaya na wewe. Lakini wapangaji wanaogopa. Jumapili, Dimanche hii, uwe umepata nyumba ingine."

"Ju ya panya wasio na mukia?" alisema yule mama. "Muzee, mimi nikitaka kuua, naanza na panya wa kwangu. Wako wengi!"

Hakuna aliyecheka. Nilisikia nikiwa nyuma ya kamba ya nguo, nikajifanya ninaanika.

Nilipoingia ndani, mkubwa alikuwa na daftari magotini. Safu ya kwanza ilikuwa imefika chini ya ukurasa. Aliandika dende watatu, majani nusu yamebaki, na chini yake, mende sita wamekufa, mjusi mmoja amekufa.

"Mama, nani anawekea mende sumu mu majani?"

"Labda walikula."

"Mende juu ya mawe pia? Na mujusi anakulaka majani?"

Hapo mdogo akaanza kulia, kilio kile cha mtu mwenye siri. Tulimbembeleza. Akasema dende wa nne yuko chini ya kitanda, ndani ya katoni ya sabuni. Alimtoa shimoni jioni ile kwa kuwa alimwona anaogopa, akalala naye.

"Alikula majani?" dada yake akauliza haraka.

"Alikula mingi. Mingi kupita wenzake."

Tulivuta katoni. Dende alikuwa mzima, mnene, anatutazama kama tumemkatizia mazungumzo.

Mkubwa hakuruka wala kushangilia. Aliandika: majani ni yale yale, mahali si pale pale. Kisha akaniuliza swali ambalo ningepaswa kujiuliza mwenyewe tangu asubuhi: "Kule chini kuko nini kisichokuwa huku juu?"

Sote tunajua mazuku, ile hewa mbaya isiyo na rangi inayotoka ardhini, kutulia mabondeni upepo usipovuma, na kuzima pumzi. Lakini tunaijua kama jambo la mashamba ya mbali, la mbuzi wa watu wengine. Sikuwahi kuiwazia ndani ya parseli, hatua kumi kutoka jikoni kwangu.

Kesho yake alfajiri, kabla upepo haujaamka, niliwaita mwenye parseli, wapangaji na yule mama. Niliwakataza watoto kukaribia. Nilifunga mshumaa ndani ya kopo, nikauteremsha kwa kamba. Mdomoni mwa shimo uliwaka vizuri. Uliposhuka mpaka usawa wa goti la mtu aliyesimama shimoni ulizimika, kana kwamba umetiwa majini. Tulirudia mara tatu. Mwenye parseli alivua kofia yake.

"Na mimi nilikuwa napumuzikia mule," alisema, "nikichoka kuchimba."

Siku hiyo hiyo wanaume walilijaza shimo mawe. Habari ya kuhama haikutajwa tena, na nikaona wote wanatamani iishe hivyo, kimya kimya. Mimi sikuweza. Nilikwenda chumba cha mwisho, nikamwambia jirani kwamba maneno ya kwenye foleni yalikuwa yangu.

"Najua," alisema. "Foleni iko na masikio, mama." Aliendelea kuchambua maharage. Niliondoka bila kujua kama nimesamehewa.

Jioni alikuja mlangoni na sahani ya sombe, majani ya muhogo yaliyopikwa, imefunikwa. Kwetu, anayeleta chakula hukionja kwanza mbele ya wenyeji ili mioyo itulie. Alifunua, akachota kijiko, akakipeleka mdomoni mwake. Nilikishika kile kijiko, nikala mimi kwanza. Ilikuwa ya moto mno, machozi yakanitoka.

"Polepole," alisema, na kwa mara ya kwanza siku zile akacheka. "Utaunguza ulimi. Ingawa huo wako ungeungua kidogo, tungepumuzika."

Watoto walicheka kuliko ilivyostahili. Nilimvutia kiti.