Firigisi ya Pasta

Sijawahi kukasirika kama siku ile binti yangu alipokula firigisi ya pasta, na hasira yenyewe wala haikuwa ya firigisi.

Kwetu huku Kakamega, ukimchinjia mgeni kuku halafu akose imondo, yaani hiyo firigisi, ni kama umemwambia hukutaka aje. Na mwanamke haigusi. Jumamosi hiyo pasta alikuwa anakula kwetu chakula cha mchana. Nikapika kuku, firigisi nikaiweka juu kabisa ya bakuli, nikafunika, nikatoka kuchota maji ya kunawa. Kurudi, bakuli liko wazi, firigisi hakuna, na binti yangu wa miaka saba amesimama hapo, midomo inang'aa mafuta.

Mama mkwe akaingia nyuma yangu.

"Haki ya Mungu! Ni shetani amemwingia. Mtoto msichana hawezi kula imondo kwa akili yake." Papo hapo akapanga: kesho kanisani asimamishwe mbele, aombewe, pepo la ulafi limtoke. Akamwinamia mtoto. "Pasta akikuuliza, sema ni shetani alikutuma. Hautachapwa."

Nikawaka. "Mama, huyu ni mwizi. Mwizi tu! Hana pepo."

"Unajivunia mwizi?"

"Mwizi anaweza kuacha. Mwenye pepo ataacha aje, kama si yeye anayeiba?"

"Nyinyi mliofika kidato cha nne mna maneno."

Nilijua ninachosema. Nikiwa na umri wake nilivunja chupa ya chai nyumbani, nikasema shetani alinisukuma. Nikaombewa mbele ya watu wote. Viboko nilivikwepa, lakini mpaka namaliza shule ya msingi watoto walikuwa wananiita Mapepo. Kibaya zaidi, nami niliamini. Nikikosea, nilikaa tu kungoja huyo mwingine aliye ndani yangu afanye nini tena.

Mezani pasta alitembeza kijiko bakulini mara mbili, kwa adabu. Mama mkwe hakungoja. "Pasta, tusamehe. Shetani ameingia nyumba hii, amepitia kwa mtoto."

Pasta akamwita binti yangu. "Njoo, mama. Nani alikutuma ukule imondo yangu?"

Mama mkwe akamkazia macho. Mimi nilikuwa mlangoni na karai la maji. Nilitaka kupiga kelele, lakini nikisema neno moja, jibu lingekuwa langu, si lake. Nikanyamaza. Ni kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya ndani ya nyumba hiyo.

Mtoto akamtazama Kukhu, bibi yake, akanitazama mimi.

"Hakuna mtu. Nilitaka kuonja tu. Nikaonja, ikaisha."

"Na shetani?"

"Sikumuona."

Pasta alicheka mpaka akakohoa, nikamletea maji. Mama mkwe hakucheka. "Sasa Pasta, kesho tumlete saa ngapi?"

"Nimwombee nini, mama? Amekubali kosa lake mwenyewe. Kuna wazee pale kanisani nimengoja miaka waseme hivyo."

Karibu nimpakulie kuku wote waliobaki uani.

Msidhani nilimwachia mtoto. Aliomba msamaha, kisha akaosha sufuria zote za siku hiyo, pamoja na ile nyeusi ya kuni. Alilia kwa sufuria ya kwanza. Kufika ya tatu alikuwa anaimba.

Nilikuwa naanua nguo wakati mama mkwe alipotoka na kigoda, akakaa karibu na mtoto aliyekuwa bado anaosha, uso ameugeuzia barabara.

"Wewe. Hiyo imondo ilikuwa aje?"

"Ni ngumu kidogo, Kukhu, halafu inakuwa tamu. Kwani hujawahi kula?"

"Mimi? Nimepika kuku tangu niolewe. Sijawahi."

"Nani alikukataza?"

Mama mkwe akasogeza kigoda. Akavuta ile sufuria nyeusi, akaanza kuisugua.