Mkalimani Aliyeachwa Uwanjani

Kazi ya Gatwech ilikuwa kusemea filamu katika ukumbi wa video wa Rahmo, pale kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Wa kwenye skrini walisema Kiingereza. Yeye alishika maikrofoni akawaeleza watazamaji kwa Kiswahili, akichomeka Kiarabu cha Juba alipoona nyuso zimepotea. Hakuipenda kazi hiyo. Kwao Bentiu, Sudan Kusini, alikuwa mtangazaji. Alipokwenda Lodwar kuomba kazi katika kituo kimoja cha redio, waliisifu sauti yake, kisha wakamwambia arudi akiwa na kibali cha kazi. Kibali hakikutoka, na sauti ile ikaishia kutangaza mateke ya sinema.

Jumamosi moja mchana Rahmo alileta filamu mpya ya vita. Gatwech hakupata hata nafasi ya kuionja. Mabenchi yalikuwa yameshajaa. Ilikuwa habari ya waandishi wawili Wazungu walionaswa katika nchi yenye mapinduzi. Mitaa ilichomwa, watu walipangwa ukutani wakapigwa risasi, na waandishi wakakimbia na kamera zao. Mkalimani wao, mwenyeji wa nchi ile, ndiye aliyewatafutia gari na kuwapitisha vizuizini.

Dau, fundi wa pikipiki, alikaa mbele na hakutulia. Alitaka kujua staringi ataanza lini kupiga. Gatwech akamweleza kuwa huyu ni mwandishi, hana bunduki. Dau akasema bunduki zimejaa chini pale, aokote moja. Wenzake wakamuunga mkono. Gatwech akaeleza tena, na tena, mpaka koo likamkauka.

Kisha ndege ikaja. Waandishi walipanda, mkalimani akazuiwa na askari mlangoni. Ndege ikaruka, na filamu ikaondoka nayo. Kukawa na hoteli, shuka nyeupe, tuzo, machozi.

“Analia,” alisema Gatwech. Baada ya kidogo: “Analia tena.”

Nyaduoth, muuza chai aliyesimama mlangoni, akauliza, “Na yule aliyeachwa? Alifika?”

Gatwech aliitazama skrini. Mwandishi alikuwa akipigiwa makofi.

“Hawasemi,” alijibu kwenye maikrofoni. Hasira ikampanda, akawaacha wale na makofi yao. Akaeleza jinsi mkalimani alivyoitupa kadi ya kazi, maana ingemuua. Jinsi alivyojificha kwenye matete, akafuatana na wanawake wenye watoto, wakala mayungiyungi ya majini, mpaka Lokichoggio, upande wa Kenya. Rahmo alimvuta shati, akamnong'oneza kwamba filamu haisemi hayo.

“Najua, mama,” alisema Gatwech. “Hayo ni yangu.”

Filamu ilipoisha alitoka nje akijilaumu. Ndege yake iliondoka zamani na mwandishi ambaye yeye alimtafsiria, naye akaahidi kumwita, na mambo hayo hakuwahi kumwambia mtu, hata binamu yake Chuol anayelala naye chumba kimoja.

Alidhani yamekwisha. Kesho yake Dau akaja na kundi zima, wakitaka filamu ya mkalimani. Ila safari hii, alisema Dau, mkalimani apewe bunduki kule kwenye matete. Gatwech akakataa. Wakabishana mpaka Rahmo akatishia kuzima jenereta. Mwishowe Gatwech akasema mkalimani atapita mikono mitupu, na anayetaka risasi kuna ukumbi mwingine sokoni. Dau alinung'unika, akakaa.

Walipotawanyika Nyaduoth akamfuata. Gatwech alikuwa amechoka na mashauri ya watu, lakini huyu alikuwa dada wa kwao, akasimama.

“Wale wanawake unawapita haraka, ndugu yangu,” alisema Nyaduoth. “Hawana majina?”

Gatwech alitaka kumjibu vibaya, ila kwanza akajaribu kuwakumbuka. Walikuwa wengi, na alikuwa amewasahau. Jioni nzima alijisumbua, akampata mmoja tu: Ayen, aliyempa mtoto wake ambebe walipovuka maji. Filamu ilipowekwa tena, alimtaja Ayen na mtoto wake. Dau akauliza huyo ni nani tena, na Gatwech, akishusha pumzi, akaanza kumweleza.